Sarafu zilizotobolewa za Karibi: muhuri mdogo ndio wenye thamani, na ndio unaoigwa zaidi

Ukiiona kwa mara ya kwanza, unaweza kudhani ni sarafu iliyoharibika. Katikati ina tundu lenye pembe, na juu ya uso wa mfalme wa Uhispania imegongwa herufi moja tu. Lakini katika minada ya sarafu za kale huko Ulaya na Marekani, kipande kama hicho huweza kuuzwa kwa bei kubwa mara nyingi kuliko sarafu nzima ya aina hiyo hiyo. Kinacholipiwa ni tundu na muhuri, alama zilizoigeuza fedha ya kigeni kuwa fedha ya kisiwa kimoja cha Karibi.

Babu wa dola

Sarafu hiyo ni reale 8 ya Uhispania, ambayo wengi waliita peso au dola ya Kihispania. Ilitengenezwa kwa madini ya fedha huko Mexico, Lima na Potosí, ikiwa na uzito wa karibu gramu 27. Katika karne ya 18 ilipokelewa kutoka Amerika hadi China. Marekani ilipounda dola yake mwaka 1792, ilifuata kipimo cha sarafu hiyo, na peso zenyewe ziliendelea kupokelewa kisheria nchini humo hadi mwaka 1857. Dola inayotumika leo katika masoko ya Goma na Lubumbashi inatoka katika ukoo huo.

Visiwa vya Karibi vilitajirisha Ulaya kwa sukari, ila vyenyewe vilikosa fedha za kutumia. Uingereza na Ufaransa hazikupeleka sarafu za kutosha. Chache zilizofika ziliondoka tena na meli za wafanyabiashara waliokuja kuuza unga, mbao na samaki wa chumvi. Zilizobaki zilikuwa kubwa mno kwa matumizi ya kila siku, na chenji haikupatikana.

Nyundo na patasi

Watawala wa visiwa walijitafutia dawa wenyewe. Jamaica ilipitisha sheria mwaka 1758, na sarafu za Kihispania zikagongwa herufi GR, yaani Georgius Rex, kwa ajili ya Mfalme George wa Uingereza. Reale 8 yenye muhuri huo ilipewa thamani ya shilingi 6 na peni 8.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Trinidad, mwaka 1811, ilikata kipande chenye pembe nane katikati ya sarafu: duara lililobaki likawa shilingi 9, na kipande cha ndani shilingi 1. Mwaka huo huo Guadeloupe, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza, ilitoboa tundu la mraba na kugonga herufi G yenye taji. Duara lilikuwa livre 9, na kipande cha ndani sou 20. Saint Lucia, mwaka 1813, ilikata sarafu vipande vitatu na kuvigonga jina la kisiwa.

Hesabu yake ni rahisi. Sarafu iliyotobolewa ilikuwa na fedha pungufu kuliko thamani iliyotangazwa. Mfanyabiashara aliyeipeleka nje angelipwa kwa uzito na kupata hasara, kwa hiyo sarafu ilibaki kisiwani. Mbinu hiyo ilitumika hata katika koloni la New South Wales, huko Australia, mwaka 1813. Huko duara lilipewa shilingi 5 na kipande cha ndani peni 15.

Chenji ya soko la Jumapili

Jambo ambalo wakusanyaji wengi hawalitaji ni nani aliyezitumia. Katika visiwa vingi, watumwa walilima bustani ndogo za chakula na kuuza ziada sokoni siku ya Jumapili: viazi vikuu, ndizi, kuku, mayai. Soko la namna hiyo haliwezi kwenda bila fedha ndogo. Edward Long, mwenye shamba na mtetezi wa utumwa, aliandika mwaka 1774 kwamba karibu sehemu moja ya tano ya sarafu zilizozunguka Jamaica ilikuwa mikononi mwa watumwa.

Baadhi ya watu hao walitoka upande huu wa Afrika. Meli ziliwachukua kutoka Loango, Cabinda na mdomo wa mto Kongo. Mwishoni mwa karne ya 18, Wakongo walikuwa kundi kubwa zaidi miongoni mwa Waafrika waliofikishwa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Kwa mtu aliyehesabiwa kuwa mali, sarafu chache zilizofichwa zilikuwa akiba, na wakati mwingine mwanzo wa kujinunulia uhuru.

Wajanja wa jana na wa leo

Reale 8 ya kawaida si adimu, na muhuri ni kazi ya kipande cha chuma na nyundo. Ndiyo maana wadanganyifu huchukua sarafu ya kweli na kuigonga alama ya uongo. Tangu zama hizo watu waliiga mihuri ili kujipatia faida.

Mkusanyaji mwangalifu huanza na tarehe. Muhuri unaodaiwa kuwa wa mwaka 1811 hauwezi kuwa juu ya sarafu ya mwaka 1815. Kisha hugeuza upande wa pili, kwa sababu pigo la nyundo mara nyingi huacha alama ya kubanwa nyuma ya muhuri. Halafu hutazama uchakavu kwa kioo cha kukuzia: kingo kali zinazong'aa juu ya sarafu iliyosuguliwa na mikono kwa miaka mingi ni dalili mbaya. Mwisho hulinganisha umbo la herufi na vitabu, hasa orodha ya Fred Pridmore ya mwaka 1965, ambayo bado ni rejea kubwa kwa sarafu za visiwa vilivyotawaliwa na Uingereza.

Bado hitilafu pekee haithibitishi uongo. Mihuri ya kisiwa cha Tortola, kwa mfano, inajulikana pia kwa maandishi yenye makosa, "TIRTILA". Kwa sababu hiyo wanunuzi wazoefu huuliza pia sarafu ilipitia kwa nani na iliuzwa katika mnada gani. Muuzaji asiye na jibu hubaki na reale 8 yenye tundu, na bei yake hushuka palepale.