Sakoidosisi: Uchovu Usioonekana kwa Eksirei Nao Hupimwa

Mgonjwa wa sakoidosisi anaweza kuambiwa kliniki kwamba picha ya kifua chake ni nzuri, ilhali nyumbani hawezi kubeba mtungi wa maji bila kuketi njiani mara mbili. Njia ya kujua ukubwa wa tatizo hilo ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe kwa utaratibu maalumu.

Sakoidosisi ni nini?

Ni ugonjwa ambapo seli za kinga hujikusanya na kuunda vinundu vidogo mwilini, hasa kwenye mapafu na tezi za kifua. Ngozi, macho, moyo na neva pia huweza kuathirika. Chanzo chake hakijajulikana kikamilifu, na hauambukizi.

Kwa kuwa huweza kuleta kikohozi, kupungua uzito na alama kwenye eksirei, ugonjwa huu unaweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu. Mwenye dalili hizo apimwe makohozi kwanza. Kipimo cha kifua kikuu ni bure katika vituo vya afya vya umma.

Kwa nini mgonjwa aulizwe?

Eksirei huonyesha mapafu, na mashine ya kupuliza hupima pumzi. Hakuna inayoonyesha uchovu, maumivu ya viungo au usingizi wa kukatika. Uchovu unaweza kubaki hata dalili nyingine zikishapungua, na wasioelewa humwita mgonjwa mvivu.

Hojaji moja inayotumika sana, iliyotungwa Uholanzi, ina maswali 10 kuhusu uchovu. Kila jibu hupewa alama 1 hadi 5, na jumla huwa kati ya 10 na 50. Alama 22 au zaidi humaanisha uchovu unaohitaji kushughulikiwa.

Nyingine ilitoka London mwaka 2013 katika hospitali ya King's College. Ina maswali 29 kuhusu afya kwa jumla, mapafu, ngozi, macho na dawa. Hapa hesabu ni kinyume: alama huanzia 0 hadi 100, na kadiri zinavyopanda ndivyo hali ilivyo nzuri.

Majibu hubadilisha nini?

Mwongozo wa matibabu uliotolewa Ulaya mwaka 2021 hutazama mambo mawili kabla ya kuanzisha dawa: hatari ya kifo au ulemavu, na kuzorota kwa maisha ya mgonjwa. Prednisolone hupunguza vinundu, lakini huweza kuongeza uzito, kupandisha sukari na kukosesha usingizi. Bila maelezo ya mgonjwa, daktari hawezi kujua kama dawa inasaidia kuliko inavyoumiza.

Mgonjwa afanye nini?

• Aandike kila wiki kazi alizoshindwa kufanya, jinsi alivyolala na madhara ya dawa, kisha aende na daftari hilo kliniki.
• Aseme kwa mifano. "Siwezi kufua nguo bila kupumzika" humsaidia daktari kuliko "nachoka."
• Asiache prednisolone ghafla bila ushauri wa daktari, kwani ni hatari.
• Akiona ukungu machoni, akizimia au moyo ukienda mbio, afike hospitalini mara moja bila kungoja siku ya kliniki.

Familia nazo zinaombwa kumsikiliza mgonjwa anaposema amechoka, hata kama kwa macho anaonekana mzima.