Kinachomkabili mchoraji wa manga anapotia rangi kwa mkono

Katuni za Kijapani ziitwazo manga aghalabu huchapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa kuwa uchapishaji wa rangi ni ghali. Kurasa za rangi ni chache, na mara nyingi mhariri humtengea mchoraji hadithi inapoanza au inapovuma. Ni heshima, lakini ni kazi ya ziada kwa mtu ambaye tayari hana muda.

Eiichiro Oda, mtunzi wa One Piece iliyoanza kuchapishwa mwaka wa 1997, ni miongoni mwa wanaotia rangi kwa mkono, akitumia kalamu za Copic, ambazo wino wake ni wa spiriti.

Mchoro huanzwa kwa penseli, kisha mistari hupitishiwa wino. Wino huo usipochaguliwa vyema, spiriti huuyeyusha na uso wa mhusika ukawa kama uliopakwa masizi. Penseli ikishafutwa, rangi hafifu hutangulia na iliyokolea kufuata, maana iliyokwisha kukolea ni vigumu kuipunguza. Sharti mchoraji apake upesi kabla ya karatasi kukauka, la sivyo mabaka hujitokeza. Mng'ao wa macho na nywele huja mwisho, kwa wino mweupe.

Kwenye kompyuta kosa hufutwa. Hapa huenda kazi ikaanzwa upya. Isitoshe, rangi hizi hupauka zikikaa mwangani, ndiposa michoro asilia huhifadhiwa gizani, na ikitolewa kwa maonyesho, taa hufifishwa.