Fremu ya Kaboni Isiyo na Rajamu

Mtu aliyeazimia kujiundia baiskeli ya mbio za barabarani, mapenzi ya mchezo huo anayo lakini mfuko wake una mipaka, hukutana mapema na jambo la kutatiza: fremu mbili za kaboni, zote nyeusi, zote zina uzito wa kilo moja hivi, mabomba yake yamebapazwa kwa namna moja ili yakate upepo, na aghalabu zote mbili zimetoka pande zile zile za Asia ya mashariki; lakini moja, iliyoandikwa jina linalojulikana duniani kote, inauzwa kwa dola 4,000 za Kimarekani au zaidi, ilhali ya pili, isiyo na rajamu wala maandishi yoyote, hupatikana kwa dola 500 au 600 pamoja na uma wake wa mbele na nguzo ya kiti. Ni haki kuuliza tofauti hiyo yote imekwenda wapi. Wako wanaojibu upesi kwamba imekwenda katika matangazo, na wako wanaojibu upesi vile vile kwamba fremu ya rahisi itakatika siku ya kwanza itakapoteremshwa mlimani. Kila jibu lina ukweli kidogo ndani yake, wala hakuna hata moja linalomfaa mnunuzi.

Kaboni inayosemwa hapa ni vitu viwili vilivyooanishwa, nyuzi na gundi. Nyuzi hutokana na plastiki iitwayo poliakrilonitrili, ambayo huokwa kwanza katika hewa ya kawaida na kisha katika tanuri isiyo na oksijeni, kwa joto la zaidi ya digrii 1,000, hata isalie kaboni karibu peke yake. Uzi mmoja ukitoka humo huwa na unene wa mikroni 7 hivi, karibu sehemu moja ya kumi ya unywele wa mtu. Kampuni ya Toray ya Japani, iliyoanza kuzitengeneza nyuzi hizi kwa biashara mwaka 1971, huziita T300, T700, T800 na kuendelea, na hesabu hizo ndizo wauzaji wa fremu hupenda kuzitanguliza kwa herufi kubwa. Mnunuzi na asihadaike. Ugumu wa T300 na wa T700, yaani ukaidi wa uzi kunyumbuka, ni ule ule mmoja, gigapaskali 230. Kilichozidi ni nguvu za kustahimili mvuto kabla ya kukatika, kutoka gigapaskali 3.5 hadi 4.9. T800 ndiyo inayopanda ugumu hadi 294. Fauka ya hayo, ni nadra fremu kufanywa kwa aina moja ya uzi toka mwanzo hadi mwisho, na uzi bora uliopangwa vibaya hushindwa na uzi wa kawaida uliopangwa na fundi anayeijua kazi yake.

Maana fremu ya kaboni, ijapokuwa huonekana kama kitu kilichomiminwa na mtambo, ni kazi ya mikono. Nyuzi huja karakhana zikiwa mashuka yaliyokwisha kuloweshwa gundi ya epoksi na kuhifadhiwa katika baridi; mashuka hayo hukatwa vipande mamia kwa kufuata ramani, kisha wafanyakazi huvibandika kimoja kimoja juu ya kibofu cha mpira au kiini cha povu gumu, kila kipande kwa pembe yake: vya kunyooka na bomba ili lisipinde, vya kulala digrii 45 ili lisijisokote mpandaji anapokanyaga kwa nguvu. Kitu chote hutiwa katika kalibu ya feleji, kibofu hujazwa hewa ili kisukume nyuzi zishikane na kuta, na joto huigandisha gundi. Baada ya hapo sehemu huunganishwa, husuguliwa, hupakwa rangi. Na rangi, kama ijulikanavyo, husitiri mengi. Kipande kikikunjamana, au gundi ikituama mahali pamoja, au pakisalia uwazi wa hewa, hasa pale mabomba yanapokutana penye mhimili wa pedali na penye shingo ya mbele, dosari hiyo haionekani kwa nje.

Kalibu ni ghali, na kila saizi ya fremu yataka kalibu yake. Hapo ndipo ulipo mzizi wa biashara hii yote. Kampuni zenye majina hugharimia kalibu zao wenyewe na kuzuia mtu mwingine asizitumie. Lakini karakhana nyingine hujitengenezea kalibu kwa fedha zao na kumwuzia fremu yeyote ajaye, awe ni mtu mmoja anayetaka fremu moja, awe ni kampuni ndogo ya Ulaya inayotaka mia ili izibandike jina lake na kuziuza kwa bei maradufu. Ustadi wenyewe ni wa zamani kidogo. Greg LeMond wa Marekani alishinda mbio za kuizunguka Ufaransa mwaka 1986 juu ya fremu ya kampuni ya Look iliyokuwa na mabomba ya kaboni yaliyounganishwa kwa viungo vya alumini; mwaka uliofuata kampuni ya Giant ya Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1972 na kukua kwa kuziundia baiskeli kampuni za ng'ambo, ilitoa baiskeli yake ya kaboni iliyoitwa Cadex. Kutoka Taiwan kazi ilivuka mlango wa bahari na kuenea katika miji ya bara ya Uchina: Xiamen, Shenzhen, Dongguan, Huizhou. Kwa hiyo asemaye kwamba fremu isiyo na jina imefanywa na watu wasiojua, hajui imefanywa na nani hata ile yenye jina.

Kinachonunuliwa ni nini, basi, kwa zile dola za ziada? Kwa rai yangu, ukitoa matangazo na mishahara ya wapanda baiskeli mashuhuri, kinachonunuliwa ni dhamana, na dhamana si kitu kidogo. Yuko mhandisi aliyeichora ramani ya nyuzi. Ziko fremu zilizovunjwa kwa makusudi ili nyingine zisivunjike. Liko duka la kurudishia, na pengine ahadi ya kubadilishiwa fremu maisha yote ya mnunuzi wa kwanza. Anayenunua isiyo na rajamu huachiwa sehemu kubwa ya kazi hiyo aifanye mwenyewe: amekuwa mkaguzi, apende asipende.

Na mkaguzi huanza kwa kudai ithibati. Kiko kipimo cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, ambacho hutaka fremu ya mbio isukumwe kwa nguvu za kukanyaga mara 100,000 bila ya kupata ufa, na idondoshewe uzito bila ya kukatika. Muuzaji wa kweli hutoa taarifa ya maabara yenye jina la maabara hiyo, tarehe, na namba ya modeli ambayo ni ile ile ya fremu anayoiuza. Muuzaji wa mashaka hutuma picha ya cheti kisichotaja fremu yoyote. Anayetaka kushindana katika mashindano yaliyo chini ya UCI, chama kinachotawala mchezo huu duniani na ambacho Septemba 2025 kilileta ubingwa wake wa barabarani Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, sharti atazame kama modeli hiyo imo katika orodha ya fremu zilizoidhinishwa, na baadhi ya watengenezaji wa Uchina wamekwisha kuipata idhini hiyo. Mpandaji wa Jumapili haimhusu. Wala asijisumbue kukimbizana na gramu, kwa kuwa UCI yenyewe hairuhusu baiskeli ya chini ya kilo 6.8, na gramu 100 zilizopunguzwa katika fremu ya rahisi yamkini zimepunguzwa mahali zilipokuwa zikihitajiwa.

Jambo moja sina subira nalo. Fremu isiyo na jina ni bidhaa halali. Fremu iliyopakwa jina la kampuni kama Pinarello au Specialized na mtu asiyehusika nayo ni ghushi, na aliyethubutu kuiba jina ili auze hana sababu ya kuona haya kuiba nyuzi pia. Hiyo isinunuliwe hata kwa bei ya bure.

Tukija katika kuchagua, herufi za saizi zisifuatwe, kwa sababu "M" ya karakhana moja ni "S" ya nyingine. Zitazamwe hesabu mbili: kimo cha wima toka kitovu cha mhimili wa pedali hadi mdomo wa juu wa bomba la usukani, na masafa ya ulalo kati ya pointi hizo hizo. Mwenye baiskeli inayomkaa vizuri ana hesabu hizo tayari nyumbani kwake. Utepe wa kupimia na ukuta ulionyooka vyatosha.

Kisha vipimo vya viungo, na hapa ndipo ningependa mnunuzi akae sana, maana ni mambo yasiyo na fahari yoyote lakini ndiyo yatakayoamua kama baiskeli itatengenezeka. Tundu la mhimili wa pedali liwe na hesi, ama ile ya zamani ya Kiingereza yenye upana wa milimita 68, ama ile pana iitwayo T47. Ziko fremu ambazo beringi zake hushindiliwa tu ndani ya tundu laini, na mpango huo si mbaya pale tundu linapokuwa duara kamili. Lakini usahihi wa namna hiyo ndio karakhana ya rahisi inaoukosa kwanza, na malipo yake ni mlio wa kukera kila mguu ushukapo. Ekseli ziwe za kawaida, milimita 12 kwa 100 mbele na 12 kwa 142 nyuma. Nguzo ya kiti iwe ya duara, milimita 27.2, kwa kuwa nguzo ya umbo la pekee ikipotea au kibano chake kikivunjika hakuna duka litakalokuwa nayo isipokuwa lile lililoko Xiamen. Sikio la kuning'inizia kibadilisha gea, ambalo huwekwa laini kusudi livunjike lenyewe badala ya fremu, yanunuliwe mawili zaidi siku ile ile. Ama mtindo wa leo wa kupitisha mipira yote ya breki ndani ya beringi za usukani hupendeza macho, lakini kubadilisha beringi moja kwaweza kukulazimu uikate mipira na kuyajaza upya mafuta ya breki. Aishiye mbali na fundi mwenye zana hizo achague fremu ambayo mipira huingia ubavuni.

Sanduku likifika, fremu isifungwe kitu kabla ya kukaguliwa. Tochi imulikwe ndani ya tundu la pedali na ndani ya shingo, kutafuta mikunjo na matone ya gundi. Gurudumu litiwe na kutazamwa kama limesimama katikati, kisha ligeuzwe upande wa pili na kutazamwa tena, ili kosa la gurudumu lisihesabiwe kosa la fremu. Kisha ichukuliwe sarafu, na mabomba yagongwe polepole toka mwanzo hadi mwisho, sikio likiwa karibu: mlio mkavu, mkali, unaobadilika taratibu kadiri unene unavyobadilika, ni mlio wa afya; mlio unaofifia ghafula na kuwa dufu, na ukarudi kuwa mkali sentimita mbili mbele, wataka maelezo toka kwa muuzaji kabla ya dhamana yake fupi kwisha.

Kuunda si kazi ngumu kwa mwenye utulivu. Mafuta mazito hutiwa penye hesi na beringi. Lakini nguzo ya kiti hupakwa marhamu maalumu yenye chengachenga, ili ishike bila ya kukazwa kupita kiasi. Hesi ya Kiingereza upande wa mnyororo hukazwa kinyume cha saa, na wengi wameiharibu kwa kusahau hilo. Bomba la uma hukatwa kwa msumeno wa meno madogo ukiongozwa na kibano, pua imefunikwa na bomba limeloweshwa, kwa kuwa vumbi la kaboni halifai kuvutwa. Na ndani yake hutiwa kabari ya kutanuka, si ile nyota ya chuma inayopigwa nyundo, ambayo huchana nyuzi. Skrubu za usukani na za kiti aghalabu zimeandikwa kikomo chake, newtoni-mita 5 au karibu ya hapo, na spana yenye kupima nguvu ni zana ya lazima: fundi hodari wa mtaani, aliyekaza baiskeli za Phoenix miaka ishirini kwa kusikiliza mkono wake, atalivunja bomba la kaboni kwa ustadi ule ule unaoifanya Phoenix idumu.

Hesabu ya mwisho iandikwe mapema. Gea na breki za daraja la 105 za Shimano, magurudumu ya alumini yaliyosukwa vizuri, tairi, usukani, kiti, zana, nauli ya meli au ndege, na ushuru wa forodha, vyote pamoja huishinda bei ya fremu mara mbili au tatu, na mtu akivinunua vyote vipya reja reja huenda akaona kwamba baiskeli nzima ya alumini, iliyokwisha kuundwa na kampuni inayojulikana, ingemgharimu pungufu. Faida iko kwa yule mwenye baiskeli ya zamani anayeweza kuivua vipande, au anayepata vilivyotumika kwa mtu amjuaye.

Baada ya safari mbili tatu za kwanza skrubu zote zipimwe tena, na mlio wowote mpya utafutwe chanzo chake siku hiyo hiyo. Bomba la fremu likipata ufa katika ajali laweza kusuguliwa na kuzungushiwa nyuzi mpya na fundi wa kaboni likarudi katika nguvu zake. Lakini uma ulioanguka, hasa ukiwa na alama yoyote penye shingo, hautengenezwi. Hununuliwa mwingine.