Nani Atasema na Gavana?

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi hupita Malili katika Makueni, nchi kavu ya nyasi ambako ng'ombe ni mali, ni mahari, na ni heshima ya mtu. Na mwenye kulijua hilo hatastaajabu kwamba mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipoanza kuwakamata ng'ombe wa Wakamba na kuwapiga mnada kwa nguvu, ikidai kuihifadhi ardhi, ilhali kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kilikuwa na haja nao, watu wa Machakos, wilaya ambayo zama hizo ilikusanya na Makueni ya leo, waliinuka mwezi wa Julai, wanaume kwa wanawake, wakaandamana hadi Nairobi, na wakapiga kambi Kariokor muda upatao wiki sita wakitaka kusikizwa na Gavana Brooke-Popham.

Kadhia hiyo husimuliwa kwa ushujaa wake, nayo yastahiki; walakini mimi hunishughulisha zaidi swali ambalo kambi yoyote ya namna ile haina budi kulijibu: nani atasema na Gavana? Umati hauandiki ombi, wala hauhesabu michango. Mwenye kalamu, mwenye kuijua lugha ya watawala, mwenye kuaminiwa fedha, hao hupanda daraja hata kama hawakuitamani, kwa kuwa kila siku watu huwaendea. Na siku zikikithiri, yule aliyeendewa kwa haja huanza kuendewa kwa idhini. Ndipo siasa ya ndani huzaliwa, aghalabu kutokana na kazi kabla ya tamaa.

Ukamba Members Association, chama kilichoiongoza harakati ile, kilikuwa na Elijah Kavulu, Isaac Mwalonzi, Simon Kioko na Samuel Muindi, maarufu kwa jina la Muindi Mbingu. Serikali nayo ilishiriki kupanga safu hiyo, maana mwezi wa Septemba ilimkamata Muindi ikamhamishia Lamu, na kwa kumtenga peke yake ikamtawaza mbele ya umma. Ng'ombe waliponusurika na mnada wa lazima, sifa ikamwelekea yeye, na leo barabara ya katikati ya Nairobi ina jina lake, ilhali wenziwe hutajwa na wachache, na wanawake waliolala Kariokor hawatajwi kabisa.

Mwaka 2024, vijana walioupinga Mswada wa Fedha katika mji huohuo walitangaza kwamba hawana kiongozi, na naona walikuwa na busara, kwani asiyejulikana hahamishiwi Lamu, wala hanunuliwi. Hata hivyo mwanazuoni wa Marekani, Jo Freeman, aliyeshiriki harakati za wanawake, alikwisha kuonya katika miaka ya 1970 kwamba kundi likikana kuwa na mpangilio, mpangilio haukomi, bali hujificha: huwa wa marafiki, wa wasemaji hodari, wa wenye nafasi ya kukesha. Katika zama zetu ni wa wenye wafuasi wengi mitandaoni na wa wenye kushika michango ya majeruhi. Mkubwa aliyechaguliwa aweza kuulizwa hesabu na kuondolewa. Mkubwa wa siri, ambaye hakuna aliyemtawaza, ataondolewa na nani, na kwa mkutano upi?