Hataza ya Black na Kalamu ya Mwalimu

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsemea mtu mwoga. Leo ninataka kuitumia kumpima msomi, hasa yule aliyekabidhiwa kalamu ya kukata shauri juu ya kazi ya mwenzake. Mfano wangu ni hataza moja ya Marekani iliyokaguliwa kwa zaidi ya miaka 9. Mimi ni mwanaisimu wala sidai ufundi wa umeme, lakini naona kwamba mzozo huo ulihusu pia maana ya neno.

Katika miaka ya 1920, makampuni ya simu ya Marekani yalitaka kusafirisha mazungumzo mengi kwa pamoja kutoka pwani moja ya nchi hadi nyingine. Sauti ikienda mbali katika waya hufifia, kwa hiyo njiani huwekwa amplifaya, yaani chombo cha kukuza mawimbi ya umeme. Tatizo ni kwamba kila amplifaya iliyapotosha mawimbi kidogo. Zikipangwa nyingi mfululizo, upotoshaji ulijumlika hata maneno yasisikike vyema.

Mhandisi Harold Black wa maabara ya Bell mjini New York alihangaika na jambo hili kwa miaka kadhaa. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akiwa na umri wa miaka 29, alikuwa akivuka mto Hudson kwa feri kwenda kazini ndipo jawabu likamjia. Alilichora papo hapo kwenye ukurasa wa gazeti la The New York Times, akatia saini yake.

Jawabu lenyewe lilikuwa hili. Jenga amplifaya yenye nguvu kupita kiasi kinachohitajika. Kisha chukua sehemu ya kile kinachotoka, ukigeuze kinyume, ukirudishe kule mawimbi yanakoingilia. Kinachorudi hupingana na kinachoingia. Nguvu nyingi hupotea, lakini upotoshaji nao hupungua kwa kadiri hiyo hiyo, na kilichobaki huwa safi. Nguvu iliyopotea si vigumu kuifidia. Ni mfano wa msemaji anayejisikiliza anaponena na kujirekebisha kabla ya kosa kukua. Katika jaribio la tarehe 29 Desemba mwaka huo huo, upotoshaji ulipunguzwa mara 100,000.

Black aliwasilisha ombi la hataza tarehe 8 Agosti 1928. Hataza nambari 2,102,671 ilitolewa tarehe 21 Desemba 1937. Muda wote huo, wakaguzi wa Marekani walishikilia kwamba chombo hicho hakiwezi kufanya kazi. Huko Uingereza ombi lake lilichukuliwa kama la mtu aliyedai kuvumbua mashine ya kujiendesha milele bila kutiwa nguvu, jambo ambalo fizikia hulikataa katakata.

Je, wakaguzi hao walikuwa wajinga? Mgala muuwe na haki umpe. Kurudisha kinachotoka kwenye ingizo halikuwa jambo geni kwao. Edwin Armstrong alikuwa amepewa hataza mwaka 1914 kwa saketi ya redio iliyofanya hivyo ili kuongeza nguvu. Kila fundi alijua kwamba ukizidisha mrejesho wa namna hiyo, chombo huanza kupiga mayowe. Msomaji aliyehudhuria mkutano wa wazazi shuleni, maikrofoni ikaelekezwa kwenye spika, anayajua mayowe hayo. Vitabu vya wakati huo vilionya kwamba mrejesho mkubwa huleta vurugu. Black naye alikuja na mrejesho mkubwa kuliko uliowahi kutajwa, akidai kwamba unaleta utulivu.

Hapa ndipo mwanaisimu anapotega sikio. Neno lilikuwa moja, lakini sasa lilibeba dhana mbili zinazopingana: mrejesho unaoongeza na mrejesho unaopunguza. Mkaguzi alisoma dhana mpya kwa maana ya zamani, akaona muhali mtupu. Alikuwa ameumwa na nyoka, na mbele yake kulikuwa na ung'ongo.

Black hakuishinda shaka hiyo kwa kulalamika. Alifafanua istilahi zake, akaeleza hesabu zake, kisha akaleta ushahidi kwamba amplifaya 70 zilikuwa zikifanya kazi katika jengo la simu la mji wa Morristown, jimbo la New Jersey. Mwaka 1932 Harry Nyquist alichapisha nadharia iliyoonyesha ni lini mrejesho hutulia na ni lini hupiga mayowe. Leo ni vigumu kutaja redio, simu au chombo cha hospitali kisichotumia wazo hilo.

Sasa tugeukie madarasa yetu. Sisi walimu hushika mwongozo wa kusahihisha kama msahafu. Mwanafunzi akifikia jibu sahihi kwa njia ambayo mwongozo haukuitaja, hukatwa alama, naye hujifunza kwamba kufikiri ni hatari. Simwambii mwalimu akubali kila jibu geni. Mkaguzi asiye na shaka hana maana. Ninachomtaka ni kuuliza, "Umefikaje hapa?" kabla ya kuchora mkasi. Mwanafunzi naye asidhani kwamba upya pekee ni hoja. Anayeleta jambo geni ana wajibu wa kulifafanua kwa maneno yasiyoyumba na kuonyesha kwamba linafanya kazi.

Aidha, tulitazame neno letu hasi. Mwanahesabu humaanisha kinyume cha chanya. Mtaani humaanisha ubaya. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi akipata mrejesho hasi hudhani ametukanwa. La hasha! Sifa tupu zikirudishwa bila kipimo hukuza makosa pamoja na kipaji, hatimaye huzaa mayowe. Sahihisho lililopimwa vyema hupunguza majivuno kidogo na makosa mengi, likaacha kazi safi. Mwalimu aliye na kalamu nyekundu na apime anachorudisha.