Jeshi la Ulinzi la Ireland na ulinzi wa amani

Jeshi la Ulinzi la Ireland (kwa Kiayalandi: Óglaigh na hÉireann) ni jeshi la Jamhuri ya Ireland. Ni jeshi dogo la nchi isiyofungamana na muungano wowote wa kijeshi, na kazi yake kubwa nje ya mipaka ni kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa (UM).

Historia

Ireland ilijiunga na UM mwaka 1955. Mwaka 1958 ilituma maafisa waangalizi Lebanon, na tangu hapo askari wake wameshiriki katika misheni za UM bila kukatika.

Kikosi chake kikubwa cha kwanza kilipelekwa Kongo mnamo Julai 1960. Askari walifika wakiwa na bunduki za zamani na sare nzito za sufu, zilizoshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Tarehe 8 Novemba 1960 doria ya askari 11 ilishambuliwa na wapiganaji Waluba karibu na Niemba, kaskazini mwa Katanga. 9 kati yao waliuawa.

Septemba 1961 kombania moja yenye askari zaidi ya 150, chini ya Pat Quinlan, ilizingirwa na jeshi la Katanga pamoja na mamluki katika mji wa Jadotville (leo Likasi). Ilipigana kwa siku 5 bila kupoteza hata askari mmoja, ikajisalimisha baada ya kuishiwa na risasi na maji. Kwa miaka mingi kujisalimisha huko kulionwa nyumbani kama aibu. Askari hao walitunukiwa medali maalumu mwaka 2017.

Mwaka 1978 Waayalandi walipelekwa Lebanon Kusini katika misheni ya UNIFIL. Zaidi ya 40 wamefariki huko, na zaidi ya 80 katika misheni zote.

Mafunzo

Chuo cha mafunzo ya UM kilianzishwa mwaka 1993 katika kambi ya Curragh, wilaya ya Kildare. Pamoja na mafunzo ya kawaida ya kijeshi, mlinzi wa amani hujifunza kusimamia vizuizi vya barabarani, kuzungumza na pande zote bila kuegemea mojawapo, kuheshimu desturi za wenyeji na kulinda raia. Hujifunza pia kanuni za kutumia silaha: anayo bunduki, lakini kufyatua risasi ni hatua ya mwisho.