Mafuta yanapojaa kwenye ini

Kijana wa bodaboda pale Zinga, wilayani Bagamoyo, anakunywa chai ya sukari nyingi na maandazi asubuhi, soda mchana, chipsi mayai usiku. Pombe hajawahi kuonja. Hata hivyo, ini lake linaweza kujaa mafuta.

Sukari na wanga usiotumika mwilini hugeuzwa na ini kuwa mafuta. Yakizidi asilimia 5 ya uzito wa ini, huo tayari ni ugonjwa. Walio hatarini zaidi ni wenye kitambi, kisukari au shinikizo la damu. Wengi hawasikii maumivu yoyote. Hugundulika kwa bahati, wakipigwa altrasaundi kwa sababu nyingine. Kwa baadhi yao ini huvimba, likaota makovu, na miaka ikipita huweza kuingia saratani. Mwaka 2023 wataalamu wa dunia waliubadilisha ugonjwa huu jina, wakiuhusisha na hitilafu za umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, badala ya kutaja pombe.

Habari njema ni kwamba ini hujirekebisha. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 6 hadi 8 taratibu, mafuta hupungua na uvimbe hutulia. Vyakula vinavyosaidia, kama samaki wa kuchoma au kuchemsha, mchicha na kunde, vinapatikana pwani nzima. Kahawa ya kashata nayo ni rafiki wa ini, kashata ikiachwa!

Mitishamba ya "kusafisha ini" iepukwe, mingine huliumiza. Mwenye kisukari au kitambi amwombe daktari amchunguze ini pia.